Karatasi ya Kutokea

Katekista Apolinari aliingia Jumba la Mapumziko siku ya Jumanne kumjulia hali dada yake, na mpaka leo hakuna anayeweza kueleza Jumanne ile iliishia wapi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja, jicho moja zima na jingine la ukungu, na mfuko wa kitambaa wenye ndizi mbivu na kitabu cha sala alichokishona mgongo kwa uzi wa viatu. Miaka arobaini alikuwa amefundisha katekisimu katika mji ule ambao haukuwa na jina. Uliwahi kuwa nalo, jina la mtakatifu fulani, lakini wakubwa waliona si haki mji wa watu wote ubebe jina la wachache, wakalifuta. Walipokaa kutafuta jingine ambalo lisingemuudhi hata mtu mmoja, hawakulipata. Basi ukabaki Mji.

Mjini hakuna aliyekatazwa kusali. Hilo lisemwe mapema, maana wanaosikia habari za Apolinari hudhani aliishi chini ya mjeledi. Kanisa lilikuwa wazi, kengele ililia Jumapili, na padre alipita barabarani na kanzu yake bila kuzomewa. Kilichobadilika kilikuwa kitu kidogo mno, kidogo kiasi kwamba waliokipigia kelele walionekana wagomvi. Mtu aliruhusiwa kusema lolote, mradi amalizie na maneno matatu: ni maoni yangu. Mungu yupo, ni maoni yangu. Mtoto aliye tumboni ni mtu, ni maoni yangu. Mwanzoni watu waliyasema kwa adabu, kama mtu anavyopiga hodi. Baadaye wakayasema kwa mazoea. Mwishowe wale walioyasema kila siku waligundua kwamba ndani yao hakuna kilichobaki kimesimama. Kila walichokigusa kiliyumba, hata majina ya watoto wao, hata kifo. Apolinari mwenyewe aliyasema kwa miaka mingi, sokoni na mikutanoni, mpaka siku moja akajikuta mbele ya watoto wa komunyo ya kwanza akisema Kristo amefufuka, ni maoni yangu, na watoto wakainama wakaandika hivyohivyo kwenye madaftari yao. Siku ile alikwenda nyuma ya sakristia, akageuza ndoo, akakaa juu yake mpaka kivuli cha ukuta kikamfika miguuni. Tangu hapo hakuyasema tena. Wala hakutangaza kwamba ameacha. Aliacha tu.

Dada yake, Sekunda, alimzidi miaka tisa. Mama yao alipofariki Apolinari alikuwa na miaka minne, na Sekunda ndiye aliyemlea, akimvalisha, akimchapa, akimpeleka kanisani kwa kumvuta sikio. Alishona sare za shule maisha yake yote. Sasa miguu ilikuwa imekataa, na bila kumwambia mdogo wake alimwomba jirani ampeleke Jumba la Mapumziko. Kila mtu Mjini alijua maana ya mapumziko hayo na hakuna aliyeitamka. Asubuhi mhudumu hupita na karatasi, kidau cha wino na kikombe. Anayetaka huweka dole gumba kwenye karatasi, hunywa kilichomo kikombeni, kisha hutolewa kwa mlango wa bustani. Asiyetaka huachwa mpaka kesho. Halazimishwi mtu. Karatasi hurudi tu, kila asubuhi, na tabasamu lilelile.

"Dada, mbona hukuniambia?" Apolinari aliuliza alipokaa kando ya kitanda.

"Ungekuja kubishana."

"Nimekuja na ndizi."

"Ndizi na maneno. Nakujua tangu hujaota meno." Sekunda akageuzia uso wake ukutani. "Nimechoka, Apo. Jirani ananigeuza kitandani kama gunia. Mjukuu wake anaziba pua. Mimi niliyewavisha nusu ya watoto wa mji huu, leo nimekuwa kitu cha kusogezwa. Niache niende kwa heshima."

Kwenye kitanda cha pili alilala mzee aitwaye Krispini, aliyewahi kuwa tarishi. Alikuwa amefumba macho lakini alisikiliza.

"Heshima yako haikutoka miguuni," Apolinari alisema. "Wala uhai wako si nguo uliyoshona mwenyewe, kwamba ukiichoka unaivua. Umepewa, dada. Aliyekupa hajakuomba umrudishie. Siku akikuita utakwenda, hata mimi sitakushika. Lakini hawa si yeye."

Akanyamaza. Ukimya ukarefuka, na ndipo alipotambua kwamba wodi nzima ilikuwa ikingoja yale maneno matatu. Krispini alijiinua kwa kiwiko.

"Hayo ni maoni yako, Mwalimu?"

"Hapana, mzee wangu. Ni kweli."

Neno hilo lilikuwa halijasikika mle siku nyingi. Krispini alilitazama kama mtu anayetazama barua yenye jina lake. Kisha akachukua karatasi iliyokuwa mezani kwake, akaichana vipande vinne, akaomba viatu vyake. Saa ile ile akatoka kwa mlango wa mbele, akijishikilia ukutani, bila kuaga.

*

Apolinari alipofika langoni, naye akitaka kwenda zake, alipewa karatasi ya kutokea. Ilikuwa na mstari mmoja tu: Niliyoyasema ndani ya Jumba hili ni maoni yangu binafsi na hayamhusu mtu mwingine. Chini yake, nafasi ya sahihi. Aliisoma mara mbili kwa jicho zima. Akaweka kalamu chini. Mlinda lango hakukasirika. Alimwonyesha ukumbi mrefu ulio kushoto, akamwambia wageni wanaohitaji muda hukaa pale.

Ukumbi ulikuwa na viti vya mito, birika la chai isiyopoa, na madirisha manane. Hakukuwa na pingu, wala nondo, wala mtu wa kumzomea. Labda ndiyo sababu ilimchukua muda mrefu kujua kwamba amefungwa. Mtu aliyefungwa kwa minyororo anajua mkono wake unaishia wapi. Apolinari alitembea, akanywa chai, akaketi, akasimama, na kila alikoelekea kalamu ilikuwa imefika kabla yake, imelala juu ya meza ndogo, pamoja na karatasi iliyonyooshwa vizuri. Katika dirisha la kwanza ilikuwa asubuhi. Katika la pili mvua ya masika ilinyesha. Katika la tatu jua la adhuhuri lilikausha mahindi kwenye mikeka, na watu waliokuwa wakiyageuza walivaa nguo za zamani za babu zake. Alipokaa karibu na dirisha la kwanza ndevu zake zilikuwa fupi. Alipohamia la tano alizikuta zimemfika kifuani. Akarudi la kwanza kwa hofu, nazo zikarudi zilivyokuwa. Alijaribu kuhesabu siku kwa rozari, Jumatatu matendo ya furaha, Jumanne matendo ya uchungu, lakini kila alipomaliza na kuanza siku mpya, midomo yake ilianzia bustanini, kwenye jasho la damu, tendo la kwanza la uchungu. Siku zote zilikuwa Jumanne. Na katika Jumanne hiyo isiyokwisha swali moja lilimzunguka kama nzi: kama ukweli unahitaji sahihi yangu ili usimame, ni ukweli gani huo? Na kama hauhitaji, sahihi yangu ina ubaya gani?

Andika, Apolinari. Ni wino.

Dada yuko upande wa pili wa ukuta, unamsikia akikohoa.

Petro alikana mara tatu akasamehewa. Wewe umeombwa mara moja.

Lakini Petro hakuambiwa alifundishe kundi zima kukana.

Wewe ni nani hata ujifananishe. Fundi wa sala. Mzee wa jicho moja. Andika uende.

Hakuandika. Alitembea mpaka dirisha la nane, ambalo tangu mwanzo alikuwa akilikwepa bila kujua sababu.

Humo aliona chumba kidogo. Mwanamke alikuwa amelala kitandani, amejikunja, akiuma kona ya shuka ili asilie. Binti wa miaka kumi na minne alimshikia beseni. Mlangoni alisimama mwanamume mwenye nguvu, shati jeupe lililopigwa pasi, kitabu cha sala mkononi. Ilimchukua Apolinari muda kumtambua, maana hakuwahi kujiona kutoka ng'ambo. Alimsikia mwanamume yule akisema kwa sauti nzuri, sauti ya kuvutia kweli: "Mama, maumivu ni zawadi. Yaunganishe na mateso ya Kristo." Kisha akamwona akitazama saa yake.

"Ulikuwa unawahi darasa la kipaimara," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa mama wa makamo, amevaa gauni la kazi la rangi ya maziwa, na kitambulisho kifuani kilichosema Msimamizi wa Jumba. Macho yalikuwa yaleyale ya binti mwenye beseni.

"Domitila," alisema Apolinari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Wakakaa, kiti kwa kiti. Domitila alimmiminia chai kwa heshima, kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kwao.

"Sikukuweka hapa kwa kisasi," alisema. "Sheria ni ya watu wote. Lakini siwezi kukudanganya kwamba sikufurahi nilipoona jina lako. Miezi mitatu, Mwalimu. Nesi wa zahanati alikuja na sindano ya kutuliza maumivu mara mbili. Mama aliikataa, kwa sababu Mwalimu alisema ni zawadi, na zawadi haikataliwi. Nilimshikia beseni miezi mitatu. Alipokufa nilijiambia hakuna mtu atakayelala hivyo tena, nikiwa hai. Jumba hili nimelijenga kwa ajili yake. Leo nasikia umekuja humu na kumwambia dada yako neno la aina ileile: umepewa."

 Dirishani, mwanamume wa shati jeupe alikuwa amekwisha kuondoka. Binti alikuwa akimwaga maji nje. Kwa miaka thelathini Apolinari alikuwa amejiandaa kuitetea imani yake mbele ya wasomi, mahakimu, vijana wenye vitabu. Alikuwa na majibu. Yalikuwa yamepangwa kichwani mwake kama sahani safi kabatini. Akayatazama yote, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja aliloweza kumpa mwanamke huyu bila kuwa tena yule mtu wa mlangoni.

"Nilikosea," alisema mwishowe.

Domitila akainua macho.

"Sindano ile haikuwa dhambi. Kanisa halijamkataza mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu, wala halimlazimishi kung'ang'ania matibabu yanayomtesa bila faida. Kumuua ndiko kulikokatazwa. Kumtuliza, hapana. Padre alikaa hatua mia mbili kutoka kwenu, ningemuuliza angeniambia. Sikuuliza. Niliipenda sauti yangu. Mama yako aliteseka kwa sababu ya ujinga wangu, nami nikauvisha ujinga huo joho la Mungu."

"Kwa hiyo unakubali mafundisho yenu yana makosa."

"Mimi nina makosa."

"Hiyo ni njia nzuri ya kukwepa, Mwalimu. Kila ukibanwa, kosa ni la mtu, mafundisho yanabaki safi."

"Ningetaka kukwepa, kalamu ile pale." Aliionyesha kwa kidole. "Nikitia sahihi, nimetoka bila hatia. Itakuwa nilimpa mama yako maoni yangu, naye akayachukua kwa hiari yake, basi. Nani atamlaumu mtu kwa maoni? Lakini mimi nasema nilimkosea. Nasema kuna kitu kilichokuwa kweli siku ile, kwamba mama yako alistahili kutulizwa, kushikwa mkono, kuwa na mtu kando yake mpaka mwisho, na mimi nikakisaliti nikaenda darasani. Ukiuondoa ukweli huo, Domitila, unaniondolea kosa. Na wewe unabaki na beseni lako, huna hata mtu wa kumkasirikia."

 Mvua ya dirisha la pili ilisikika. Domitila alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya kazi, lakini hakumtazama.

"Dada yako amesema ataweka dole asubuhi hii. Mhudumu ameanza kupita. Tia sahihi, nikuruhusu uingie wodini ukae naye. Usipotia, utaratibu unasema mgeni hatoki ukumbini. Atakwenda peke yake. Chagua, Mwalimu. Mimi sikuzuii."

Hapo ndipo Apolinari alipozihisi kuta. Zilikuwepo tangu mwanzo, lakini sasa zilimfika kwenye mbavu. Akitia sahihi, atakwenda kwa Sekunda kama mtu aliyekwisha kukiri kwamba thamani ya dada yake ni maoni ya mdogo wake. Na mtu hawezi kuliegemea neno la namna hiyo anapotaka kufa. Asipotia, atakuwa ameulinda ukweli kwa kumwacha mgonjwa peke yake. Shati jeupe tena. Mlangoni tena. Akaona kwamba amekuwa akitetea mafundisho maisha yake yote kama mlinzi anayelinda nyumba kutoka nje, mvua ikimnyeshea, bila kuuliza ndani kuna nani.

"Wodini wanaingia akina nani?" aliuliza.

"Wageni wenye sahihi. Wahudumu." Domitila akasita. "Na wagonjwa."

"Mgonjwa anatakiwa awe anaumwa nini?"

"Aliyevuka sabini haulizwi." Kisha akaelewa, na chai ikamwagika kidogo kwenye kisahani. "Mwalimu, mgonjwa hatoki akiwa hai, isipokuwa anayejitembeza mwenyewe mpaka mlango wa mbele kama yule tarishi. Na wewe hutatoka na kumwacha. Unajua maana yake? Kila asubuhi watakuletea wino. Kila asubuhi. Watu imara kuliko wewe wamechoka kusema hapana."

"Kitanda cha mzee Krispini kiko wazi?"

Kitabu cha kulaza wagonjwa kilikuwa mezani kwa Domitila. Kwenye ukurasa palikuwa na sentensi iliyochapwa: Nimekuja kwa hiari yangu ili nipumzishwe. Apolinari aliisoma, akatikisa kichwa. Nusu ya kwanza aliweza kuisema. Ya pili hakuiweza.

Domitila alichukua rula. Alipiga mstari wa kuyafuta maneno mawili ya mwisho, polepole, mstari ulionyooka kama wa mwanafunzi mwenye bidii, na kando yake akaandika herufi za kwanza za jina lake. Hakusema kwamba amesadiki. Hakusema kwamba amesamehe. Alimgeuzia kitabu tu, na Apolinari akaandika jina lake baada ya "kwa hiari yangu."

*

Walimpa gauni la wagonjwa lenye kamba mgongoni, na blanketi. Nguo zake zikafungwa kwenye mfuko na kuondolewa. Alipoingia wodini miguu mitupu, Sekunda alimtazama kana kwamba ni mtu aliyefanana na ndugu yake.

"Umevaa nini hicho?"

"Nimelazwa, dada."

"Unaumwa nini?"

"Uzee. Na jicho."

"Wanaolazwa hapa hawarudi nyumbani, Apo."

"Nimeambiwa."

Sekunda alifunga mdomo. Alipoufungua, hasira ya miaka themanini ilikuwa ndani yake. "Nilikulea ili uje ufie humu kama mjinga? Nani amekutuma? Nimekuomba mimi?"

"Hukuniomba. Na sikuja kufa. Nimekuja kukaa." Alijilaza. Kitanda kilikuwa cha baridi, na mwili wake, uliokuwa umejikaza tangu langoni, ulianza kutetemeka bila kumtaka ruhusa. Hakuwa na hotuba. Alikuwa amezitafuta njia nzima ya kutoka ukumbini mpaka pale. Hakuona hata moja.

Mhudumu aliingia, bwana mnene mpole aitwaye Sosteni, na sinia lenye karatasi mbili na vikombe viwili. Alianza kwa Apolinari kwa kuwa ni mgeni.

"Hapana," Apolinari alisema.

"Sawa, mzee. Nitapita kesho. Na keshokutwa. Huku hatuna haraka."

Na ndipo alipouona upana wa mahali alipojitia: asubuhi baada ya asubuhi, tabasamu lile, sinia lile, na yeye akizidi kuwa mdogo kitandani, hapana yake ikizidi kuwa nyembamba. Aliiogopa kesho ile kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Akafumba macho. Alimsikia Sosteni akisogea kwenye kitanda cha Sekunda, akifungua kidau cha wino.

"Dada," alisema, na meno yalikuwa yakigongana, "nakuomba usiende."

 Kisha kitanda cha Sekunda kililia, kama mtu anajivuta kwa viwiko, sentimita kwa sentimita, mpaka ukingoni. Mkono mkavu wenye sugu za sindano ukamgusa Apolinari shingoni, ukakaa pale ukipima.

"Huyu amepoa," Sekunda alimwambia mhudumu. "Blanketi gani hili mmempa? Mletee jingine."

"Nitaleta, bibi. Na karatasi, je?"

"Karatasi gani tena, baba? Huoni nina mgonjwa hapa?"

Sosteni alisimama kidogo na sinia lake. Halafu akakifunika kidau cha wino, akaenda kutafuta blanketi, na mlango ukajifunga nyuma yake kama kawaida.